Nani Ataonekana Kesho? Mwanga, Ngozi na Filamu za Wakati Ujao

Mwanaanga mweusi anaingia kwenye korido ya chombo. Taa za dharura zinatoa mwanga wa samawati, mvuke unafoka kwenye mabomba, na mwenzake mweupe yuko hatua mbili mbele. Mwenzake anaonekana mpaka kope. Yeye tunamwona macho, meno na ukosi wa vazi lake. Ndani ya studio ya kurekebisha rangi, fundi anainua sehemu za giza: uso unaanza kujitokeza, na chengachenga za kijani na zambarau zinajitokeza nao. Anashusha tena. Uso unazama, na filamu inatoka hivyo.

Picha za namna hiyo zimenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Tukizungumzia nani anawakilishwa kwenye filamu za kisayansi, tumezoea kuhesabu: wanawake wangapi, weusi wangapi, wenye ulemavu wangapi, nani anakufa kwanza. Hesabu hiyo ina maana yake na siidharau. Lakini filamu yenye korido ile ingeufaulu mtihani huo bila shida. Mwigizaji yumo kwenye orodha, jina lake liko kwenye bango, na amelipwa.

Uso wake ndio haumo.

Nimezidi kuamini kwamba suala la nani ana nafasi katika kesho ya kwenye skrini huamuliwa chini kabisa, kwenye vifaa: kipima mwanga, rangi ya ukuta, programu ya kutengeneza ngozi, programu ya nywele, kompyuta inayosikiliza sauti. Huko ndiko nitakakokaa.

## Stopu mbili

Kipima mwanga hakijui kinapima nini. Kwa desturi hukisia kwamba kilicho mbele yake kinarudisha asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha katikati, kisha hukupa kipimo cha kukifanya kionekane hivyo.

Kadi ya rangi ya ColorChecker, yenye vipande 24, ambayo mafundi wa picha wameitumia tangu 1976, inaanza na vipande viwili vya ngozi. Cha kwanza, cha ngozi nyeusi, kinarudisha takriban asilimia 10 ya mwanga. Cha pili, cha ngozi nyeupe, takriban asilimia 36. Kila stopu moja ni mwanga mara mbili, kwa hiyo tofauti ya vipande hivyo viwili inakaribia stopu mbili. Na wako watu wengi walio weusi zaidi ya kile kipande cha kwanza.

Sasa tupige hesabu ya korido. Mpigapicha anataka usiku, kwa hiyo anaziba lenzi stopu mbili chini ya kipimo. Uso mweupe, uliokuwa stopu moja juu ya kijivu, unashuka hadi stopu moja chini yake. Bado una umbo, bado una hisia. Uso mweusi ulikuwa tayari karibu stopu moja chini ya kijivu. Sasa uko karibu tatu. Kamera nzuri bado imeuhifadhi. Tatizo ni kwamba hakuna anayetazama filamu ndani ya kamera. Faili inabanwa ili ipite kwenye intaneti, na programu ya kubana huanza kwa kutupa maelezo yaliyo gizani, kwa dhana kwamba jicho halitayatafuta huko. Mtazamaji anayeshika simu mchana anapata miraba myeusi inayotikisika pale palipokuwa na paji la uso.

Tiba mbili huja upesi, na zote mbili hukosea.

Ya kwanza ni kuongeza mwanga wote. Uso mweupe unaungua, usiku unapotea, na mwongozaji, kwa haki kabisa, analalamika kwamba chombo chake kimegeuka ofisi. Ya pili ni kumwelekezea mwigizaji mweusi taa kali peke yake. Doa jeupe linatokea kwenye paji la uso, na mashavu yanabaki gizani kama mwanzo.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuiangalia ngozi yenyewe. Hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu moja ya mwanga huingia ndani, hukutana na melanini na damu, kisha hutoka ikiwa na rangi. Sehemu nyingine haiingii kabisa. Hurudi pale pale kwenye uso wa ngozi, takriban asilimia 3 kama mwanga umepiga wima, na zaidi sana ukija kwa ubavu. Hii ya pili haijali melanini. Ni ileile kwa watu wote, ila kwenye ngozi nyeusi ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kuonyesha umbo la uso.

Kwa hiyo fundi taa anayeijua kazi yake humpa mwigizaji mweusi kitu kikubwa cha kuakisi. Kitambaa cheupe cha sentimita 120 kwa 120, kikiwa ubavuni mwa mwigizaji karibu mita moja kutoka shavuni, na taa ya wastani ikipigwa kwenye kitambaa badala ya usoni. Giza lote linaweza kubaki nyuma yake. Shavu, taya na mfupa wa jicho vitachorwa na ule mng'ao. Mpambaji naye aache poda. Poda huua mng'ao, na mng'ao ndio umbo. Losheni nyepesi inatosha.

Kwa mwenzake mweupe aliye katika fremu hiyohiyo, mwanga unakatwa kwa wavu: wa tabaka moja hupunguza nusu stopu, wa tabaka mbili stopu nzima. Au suala zima linamalizwa kwa miguu. Ukiwa na taa ndogo isiyo na kitambaa, mtu anayesogea kutoka mita 2 hadi mita 1 anapata mwanga mara nne, yaani zile stopu mbili zote. Mwongozaji akijua hilo mapema, humtanguliza mwanaanga mweusi akawa ndiye aliye karibu na taa, na hakuna kifaa chochote kinachohitajika.

Kosa lingine hufanywa kwa nia njema kwenye studio ya rangi. Fundi anaangalia grafu ya mwanga, anaona ngozi nyeupe iko kati ya asilimia 60 na 70, na anavuta ngozi nyeusi ifike hapohapo. Inapauka. Inakuwa rangi ya majivu, na kila mtazamaji mweusi anajua kwamba kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Ngozi nyeusi ina mahali pake kwenye grafu, mara nyingi kati ya asilimia 35 na 50, na pale ina utajiri wake wote: wekundu, dhahabu, bluu ya akisi. Iachwe pale.

## Kuta za kesho

Filamu za wakati ujao zina mapambo mawili makubwa. Kuna kesho nyeupe, safi, ya plastiki isiyo na kona. Na kuna kesho ya chuma chenye kutu, nyaya zinazoning'inia na giza la kudumu. Kwa muda mrefu nilidhani ni suala la ladha tu. Sasa naona kwamba zote mbili zilikomaa zikiwa na uso wa aina moja akilini.

Ukuta mweupe hurudisha asilimia 80 au zaidi. Uso unaorudisha asilimia 8 mbele yake uko stopu tatu na kitu chini. Kamera ikiachiwa ijipime yenyewe, itauhudumia ukuta, kwa kuwa ukuta ndio mkubwa, na mtu atageuka kivuli. Kwenye chuma cheusi shida ni kinyume: hakuna chochote kwenye seti cha kuakisiwa na ngozi, kwa hiyo mng'ao ule hauna pa kutoka.

Ukuta mweupe ukiwa nyuma ya mwigizaji ni adui. Ukiwa ubavuni mwake, nje ya fremu, ni taa ya bure.

Hili ni jambo la mbunifu wa seti, na linaamuliwa miezi kabla ya taa ya kwanza kuwashwa. Anaweza kuvunja weupe wa ukuta wa nyuma kwa rangi ya kati, kijivu au kahawia au kijani kibichi, na kuuacha ule wa pembeni uwe mweupe. Kwenye chombo cha chuma anaweza kuweka paneli za taa kwenye kimo cha bega, pana na hafifu, zikiwa sehemu ya chombo chenyewe: skrini, madirisha, milango yenye mwanga. Waigizaji wakipita, kila paneli inachora uso.

Mavazi nayo. Vazi jeupe kabisa la mwanaanga linashindana na uso ulio juu yake, na linashinda. Mafundi wa mavazi wana ufundi wa zamani wa kuchovya kitambaa cheupe kwenye chai ili kififie kidogo; kwenye kamera bado kinasomeka cheupe, lakini hakiungui. Ndani ya kofia ya anga, taa zinazowekwa chini ya kidevu hutoa vivuli vya kutisha kwa mtu yeyote, na kwa mtu mweusi huangaza mianzi ya pua na kuacha macho. Dawa ni vipande viwili vya LED kwenye pande za panja, vikiwa mbele kidogo ya uso, vimefunikwa na plastiki ya kutawanya mwanga, na kila kofia ikiwa na kidhibiti chake. Hicho kidhibiti cha peke yake ndicho husahaulika. Kofia zote huunganishwa kwenye swichi moja, na tunarudi palepale.

Wala si filamu tu. Machi 2019 NASA ilikuwa imepanga wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, watoke pamoja nje ya kituo cha anga. Mpango ulibadilishwa siku chache kabla kwa sababu sehemu ya kifua ya vazi ya saizi ya kati iliyokuwa tayari kutumika ilikuwa moja tu. Koch alitoka na Jessica Meir tarehe 18 Oktoba mwaka huohuo. Hakuna aliyesimama mlangoni akasema wanawake wawili hawaruhusiwi. Ilikuwa saizi.

## Ngozi ya kompyuta

Wengi wetu tunajua habari ya kadi za Shirley za Kodak, picha ya mwanamke mweupe iliyotumiwa na maabara kupima rangi ya kila picha ya kila mtu. Mtafiti Lorna Roth, katika kazi aliyoichapisha 2009, aliwahoji watu waliokuwa ndani ya kampuni, na wakamweleza kwamba msukumo wa kuboresha filamu ionyeshe vizuri rangi za kahawia ulitoka kwa wateja wa kibiashara: wauza samani waliotaka mbao zitofautiane, na wauza chokoleti. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Tungetarajia kwamba kompyuta, isiyo na kemikali yoyote, ingeanza upya. Haikuanza upya.

Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walichapisha njia ya kukokotoa kwa haraka mwanga unaoingia ndani ya kitu na kutokea mahali pengine. Mifano yao ilikuwa marumaru, maziwa na ngozi. Ilikuwa kazi kubwa, na mwaka 2004 ilipewa tuzo ya ufundi ya Oscar. Lakini angalia mifano ile: vitu vyeupe vinavyopitisha mwanga. Theodore Kim, mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Yale aliyewahi kufanya kazi kwenye studio ya katuni ya Pixar, aliandika 2020 kwamba tangu hapo mng'aro ule wa ndani ndio uliofanywa kuwa maana ya ngozi ya binadamu katika fani nzima. Swali gumu la utafiti likawa ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi ikabaki kuwa marekebisho.

Na kweli ndivyo inavyofanyika kazini. Msanii anafungua ngozi iliyokuja na programu, anaishusha rangi mpaka kahawia, anaacha mengine yote. Matokeo yake ni plastiki ya kahawia yenye masikio mekundu. Mwanga bado unazama na kuenea kana kwamba melanini haipo, na mng'ao wa juu, ambao tulikwisha ona ndio unaobeba umbo, umeachwa hafifu. Kuirekebisha kunahitaji kupunguza umbali ambao mwanga unaenea chini ya ngozi, kuimarisha mng'ao na kuugawa katika tabaka mbili, moja kali na moja pana, kisha kuchora ramani ya rangi upya. Viganja na nyayo ni vyeupe zaidi. Vifundo vya vidole, viwiko na eneo la chini ya macho ni vyeusi zaidi. Mdomo wa juu na wa chini mara nyingi havifanani rangi. Fizi zina madoa. Mhusika ambaye kiganja chake ni cheusi sawasawa na mgongo wa mkono hajatazamwa na mtu.

## Kipilipili

Hapa ndipo ugumu unapozidi, na ndipo niliposhawishika kabisa.

Programu nyingi za nywele hazikokotoi kila unywele. Hukokotoa mamia machache ya nywele za kuongozea, kisha hujaza maelfu ya nyingine katikati kwa kukadiria kwamba jirani atafuata jirani. Kwa nywele za singa dhana hiyo ni sawa: upepo ukivuma zote zinalala upande mmoja. Kwa kipilipili inavunjika. Kila unywele una msokoto wake, na jirani yake hafuati. Ukilazimisha, misokoto yote inapanda na kushuka pamoja, na kichwa kinakuwa safu ya springi zilizopangwa dukani.

Kim na msanii A. M. Darke, pamoja na wenzao, walichapisha 2024 maelezo ya kijiometri ya nywele za msokoto mkali. Waliangalia kichwa chenyewe kwa makini. Karibu na ngozi nywele zimetawanyika ovyo, kama sifongo. Mbele kidogo zinashikana na kuanza kusokotana kwa pamoja. Unywele mmoja huruka mzunguko mmoja wa kundi lake na kutokeza nje. Mwingine hugeuza mwelekeo, ukawa unasokota kushoto baada ya kusokota kulia. Mambo haya anayajua kila msusi kwa vidole vyake. Kwenye machapisho ya michoro ya kompyuta yalikuwa mapya mwaka 2024.

Nadhani hii inaeleza kitu ambacho kwa miaka kimechukuliwa kuwa ni mtindo: wanaume weusi wa wakati ujao wamenyoa. Kwenye michezo ya kompyuta, msururu wa mitindo ya singa, kisha afro moja ngumu isiyotikisika. Msanii mwenye wiki mbili na kifaa kisichojua kipilipili atamnyoa mhusika, na mkurugenzi atasema anaonekana mkakamavu. Hakuna ubaya ndani ya moyo wa yeyote kati yao.

## Chombo kinachosikiliza

Sehemu ya sauti ni fupi. Katika filamu hizi nahodha husema "fungua mlango" na chombo kinafungua. Daima kinaelewa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipima mifumo ya kutambua usemi ya kampuni tano, Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, kwa mahojiano ya watu halisi. Kwa wastani mifumo ilikosea maneno 19 katika kila 100 kwa wasemaji weupe, na 35 kwa wasemaji weusi. Lugha ni ileile, Kiingereza.

Mwandishi wa skripti ana hapa onyesho zima ambalo halijatumika vya kutosha: mhandisi anayejifunza kuiga lafudhi ya mtu mwingine ili hewa iendelee kutoka.

## Kuonekana na nani?

Mpaka hapa ilikuwa rahisi kwangu. Vifaa vimepinda, vinyooshwe. Kisha nikakumbuka kisa cha Polaroid, kampuni ya kamera za papo kwa papo, na kwa siku kadhaa sikuweza kuandika zaidi.

Oktoba 1970 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo, mkemia Caroline Hunter na mpigapicha Ken Williams, waligundua kwamba mfumo wake wa vitambulisho unatumika Afrika Kusini kwenye pasi ambazo watu weusi walilazimishwa kubeba. Wakaanzisha kampeni, na hawakubaki kwenye kampuni. Kampuni ilijiondoa nchini humo 1977. Kamera ya mfumo huo, ID-2, ilikuwa na lenzi mbili, za kupata sura ya mbele na ya ubavu kwenye karatasi moja, na kitufe cha kuongeza nguvu ya fleshi. Wasanii Adam Broomberg na Oliver Chanarin waliipeleka tena Afrika Kusini na kuonyesha picha zao 2013, wakidai kwamba kitufe kile kilifaa hasa kwa ngozi nyeusi.

Kamera iliyomwona mtu mweusi vizuri ilikuwa ya kumdhibiti.

Hali hiyo imejirudia. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kampuni, za kutambua jinsia ya mtu kwa uso wake, kwa nyuso 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Finland, Iceland na Sweden. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Kampuni zilikimbilia kurekebisha. Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata mwanamume mweusi mbele ya nyumba yake kwa sababu mashine ilimfananisha na mwizi wa saa. Mashine ile ingekuwa sahihi zaidi, asingekamatwa. Ni kweli. Na mashine iliyo sahihi kabisa ingemjua kila anakopita.

Kwa hiyo nilijiuliza kama kazi yote hii ya mwanga na misokoto inamwandalia nani mezani. Nilichofikia ni tofauti moja ya kiutendaji. Mwigizaji kwenye seti amekubali kuwa pale. Anaweza kuitazama monita, akasema shavu langu halionekani, rudieni. Mwenye pasi hakuonyeshwa picha ili aseme neno. Ubora wa kifaa haujibu swali hilo. Mkataba na taratibu za kazi ndizo zinazojibu.

Na hapa kuna mambo ya kufanya. Jaribio la kamera lifanyike kabla seti haijapakwa rangi ya mwisho, kwa waigizaji wenyewe, na nywele zao na mavazi yao, kisha faili libanwe na litazamwe kwenye simu ya kawaida juani, mwigizaji akiwepo. Akichukuliwa vipimo vya mwili mzima kwa ajili ya nakala ya kidijitali, aandikiwe nakala hiyo itafanya nini, katika kazi ipi, na kwa malipo gani. Waigizaji wa Marekani waligoma siku 118 mwaka 2023, na ridhaa ya namna hii ilikuwa miongoni mwa madai makubwa. Wanaoachwa nyuma ni waigizaji wa ziada, wale wa kujaza korido na viwanja. Hupimwa kwa dakika chache, na hao ndio umati wa kesho.

Programu za akili mnemba zinazochora picha zimelifanya hili kuwa la haraka zaidi. Zilijifunza kwa picha na maelezo yaliyokwisha kuwepo, kwa hiyo ukiziomba mwanasayansi wa karne ijayo hukurudishia wastani wa jana. Jaribio la kuziba pengo kwa kusukuma utofauti kwenye kila picha liliharibika hadharani Februari 2024, Google iliposimamisha programu yake ya Gemini isichore watu baada ya kuwachora askari wa Ujerumani ya miaka ya 1940 wakiwa weusi na Waasia. Ni kosa lilelile la studio ya rangi: kuvuta namba mwishoni baada ya kuacha mwanga ukosee mwanzoni.

## Nani ameshika bisibisi

Uso ukishaonekana, bado kuna skripti. Njia yangu ya kuisoma ni ya kizamani: kalamu, na alama pembeni kila mashine inapotajwa. Nani anaigusa? Nani anaeleza inavyofanya kazi, na anamweleza nani? Nani anaitengeneza ikiharibika? Nani inamharibikia? Skripti yenye wahusika wa kila rangi mara nyingi hutoa ramani ya kusikitisha: mikono miwili inagusa vyote, wengine wanaambiwa.

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya 2009, ina dakika ishirini na ushee na imenifundisha zaidi ya nyingi ndefu. Baada ya vita vya maji watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa; umeme unatokana na miili yao kwenye mashine za mazoezi, na jasho lao linasafishwa likawa maji ya kunywa. Teknolojia yote inapita ndani ya mwili wa Asha, mhusika mkuu, na uamuzi wa kuvunja utaratibu ni wake. Hakuna anayemweleza.

Alama hizohizo za kalamu ndizo zilizonionyesha jinsi tunavyowaandika watu wenye ulemavu. Kesho yao ni moja: mashine inawaponya, wanasimama, muziki unapanda. Wakati huohuo Shirika la Anga la Ulaya lilimchagua John McFall Novemba 2022, daktari na mwanariadha wa Paralimpiki aliyekatwa mguu, na utafiti wake ukajikita kwenye mambo madogo: mguu bandia unakaaje bila uzito, mwili unajishikizaje unapofanya kazi, anatokaje chomboni kwa haraka pakiwa na hatari. Angani mtu husogea kwa mikono. Miguu hutumika hasa kunasa kwenye vishikio ili mwili utulie. Mwandishi anayekijua kituo cha anga hahitaji kumponya mtu wa kiti cha magurudumu. Anahitaji kuamua vishikio vimewekwa kwenye kimo gani, mlango una upana gani, na nani katika wafanyakazi wote aliyezoea zaidi kujivuta kwa mabega.